Maswali ya Wasomaji: Kanisa Kuu la Roskilde na Makaburi ya Wafalme

SWALI: Mhariri, nimeona picha za kanisa kuu la Roskilde, Denmark. Sehemu kubwa ni ya matofali ya zama za kale, lakini ubavuni kuna jengo lenye kuba ambalo laonekana kuwa la karne nyingi baadaye. Je, ni kanisa moja? Na ni kweli kwamba wafalme wote wa Denmark wamezikwa humo?

JIBU: Ni kanisa moja, na tofauti hizo ulizoziona zimetokana kwa kiasi kikubwa na makaburi yenyewe. Ujenzi ulianza katika miaka ya 1170, wakati wa Askofu Absalon, kwa matofali ya kuchoma, ufundi uliokuwa bado mgeni nchini humo. Walioanza walikusudia matao ya duara na kuta nzito. Kabla kazi haijaisha, ukaingia mtindo wa Gothiki kutoka Ufaransa, wenye matao yaliyochongoka na dari za juu, hivyo mitindo yote miwili ikabaki ndani ya jengo moja.

Si wafalme wote waliozikwa humo. Mfalme Valdemar I, kwa mfano, yuko Ringsted, mji mwingine wa Denmark. Hata Mfalme Harald Blåtand, anayesimuliwa kuwa alijenga kanisa la mbao mahali hapo katika karne ya 10 na kuzikwa humo, kaburi lake halijapatikana. Aliyeipa Roskilde hadhi yake, kwa maoni yangu, ni Malkia Margrete I, aliyeziunganisha Denmark, Norway na Sweden chini ya utawala mmoja. Alifariki mwaka 1412 na kuzikwa Sorø, lakini mwaka uliofuata mwili wake ulihamishiwa Roskilde, ambako sanamu yake imelazwa juu ya kaburi nyuma ya madhabahu kuu. Tangu Christian III, aliyeleta Matengenezo ya Kanisa, yaani kuacha Ukatoliki na kufuata Uluteri, mwaka 1536, kila mfalme wa Denmark aliyekwisha kufariki amezikwa Roskilde.

Kwa kuwa nafasi ya ndani haikuweza kuwatosha wote, kanisa lilipanuliwa kwa kuongezewa vikanisa ubavuni, kila kimoja kwa mtindo wa wakati wake. Christian I alijenga chake katika karne ya 15. Ndani yake mna nguzo ambayo wafalme waliotembelea kanisa hilo wamewekewa alama za vimo vyao, naye Christian I ameandikiwa karibu sentimita 220, kimo ambacho si cha kuaminika. Christian IV alijenga kikanisa chake upande wa kaskazini, na ndiye pia aliyeongeza vilele vyembamba vya minara katika miaka ya 1630, vile ambavyo leo humwezesha mtu kuitambua Roskilde akiwa bado mbali. Jengo lenye kuba ulilolitaja ni kikanisa cha Frederik V, kilichobuniwa na msanifu majengo C. F. Harsdorff na kuanza kujengwa mwaka 1774 kwa kuiga usanifu wa kale wa Ugiriki na Roma. Ndani ni cheupe na kitulivu, nami nakiona kuwa kizuri kuliko vingine vyote.

Frederik IX, aliyefariki mwaka 1972, hakutaka kulala ndani. Kaburi lake, lililozinduliwa mwaka 1985, liko nje ya kuta, katika uwanja wa matofali wenye pembe nane usioezekwa, na tangu mwaka 2000 mkewe, Malkia Ingrid, amelala kando yake.