Kliniki imejaa: tufungue ya pili?

SWALI: Shikamoo Mama. Nasimamia kliniki ya jamii inayotibu bure. Tunafungua Jumamosi tu: daktari mmoja, wauguzi wanne na vijana wa mapokezi, wote wa kujitolea. Siku hizi foleni inazunguka jengo na wengine tunawarudisha bila kuonwa. Mfadhili ameahidi kutujengea kliniki ya pili. Wenzangu wamechoka, muuguzi mmoja ameacha. Nikikataa jengo, nitaona nimewatupa wagonjwa. Nifanyeje?

JIBU: Marahaba mwanangu. Huyo muuguzi aliyeacha umempitia upesi mno. Anza naye. Muulize kilichomwondoa, kisha nyamaza umsikilize, wala usimsihi arudi.

Nilikuwa muuguzi mfawidhi kwa miaka 19, na ufunguo wa kabati la dawa ulilala mfukoni mwangu. Niliona ndio uaminifu. Siku moja nikaugua ghafla. Daktari alifika, wagonjwa wakafika, kabati halikufunguka. Mzee mmoja wa presha aliondoka bila vidonge vyake. Nilipomwona tena, mkono wake wa kulia ulikuwa hauinuki. Kiharusi kina sababu nyingi, lakini mzee yule hajanitoka moyoni. Wiki ile ile nilichonga funguo mbili, nikafundisha wawili kujaza daftari la dawa.

Basi nakuuliza: usipofika Jumamosi mbili, nani atajua dawa zipi zinakaribia kwisha? Kama hakuna, kliniki ya pili itakugawa wewe mwenyewe.

Halafu fungua rejista. Hesabu wagonjwa wa presha na kisukari waliokuja miezi mitatu iliyopita, uone wangapi wamerudi. Mtu mwenye presha ya 140 kwa 90 kila akipimwa hatibiwi kwa Jumamosi moja. Mara nyingi atahitaji kufuatiliwa miaka na miaka. Wakiwa wengi wamepotea, mwombe mfadhili akupe kwanza dawa za mwaka mzima na mtu wa kulipwa atakayetunza mafaili na kuwapigia simu wasiorudi. Mweleze kwa takwimu zako mwenyewe. Wafadhili wengi husikia wakionyeshwa rejista.

Kuhusu foleni, muuguzi mmoja aipitie kabla mlango haujafunguliwa. Mtoto mwenye degedege, anayepumua kwa shida, mjamzito anayetokwa damu: hao hawangoji, na mjue mapema hospitali ya kuwapeleka. Anayeweza kungoja Jumamosi nyingine apewe tarehe iliyoandikwa.

Watu zaidi watafute kwa wastaafu. Huko Marekani, miaka ya 1990, daktari mstaafu Jack McConnell alianzisha kliniki ya bure Hilton Head kwa madaktari na wauguzi wastaafu wenzake. Na kwenye kamati yako weka wagonjwa wawili. Azimio la Alma-Ata la 1978, la mkutano wa kimataifa kuhusu huduma ya afya ya msingi, liliwapa watu haki na wajibu wa kushiriki kupanga huduma zao za afya. Mimi nilichelewa kulifuata.

Mfadhili mwombe mwezi mmoja wa kufikiri. Kwa muuguzi wako nenda wiki hii.