Maswali ya Oktoba: Zimeni Taa, Simu Wekeni Mbali

Oktoba ikiingia tu, na Halloween, ile sikukuu ya kutishana ya tarehe 31, ikikaribia, maswali ya filamu za kutisha huanza kumiminika. Nimechagua machache. Mengine nimeyaacha kwa sababu nilishayajibu zaidi ya mara moja, na aliyeuliza angesoma nyuma kidogo angekuta jibu lake.

Nitajie filamu moja tu inayotisha kuliko zote. Usinizungushe.

Swali hili linakuja kila wiki, na kila wiki anayeuliza hasemi anaogopa nini. Kuna mtu anatazama mizimu huku anakula chakula chake, hana habari. Huyohuyo mwoneshe pango jembamba la kupita kwa kutambaa, anaanza kukosa pumzi. Yeye nampa The Descent (2005), ambamo wanawake sita wanazama pangoni na njia ya kurudi inaporomoka. Kabla kiumbe chochote hakijajitokeza, mawe peke yake yameshakumaliza. Anayeogopa maji atazame Jaws (1975). Anayeogopa kwenda ukweni, Get Out (2017). Ukiniandikia tena, anza kwa kutaja unachokiogopa.

Nimetazama ile Halloween ya 1978 inayosifiwa. Nilikuwa naitazama kwenye simu nikiwa ndani ya basi, nikaimaliza kwa siku tatu. Mbona hata damu hakuna? Watu wanasifia nini?

Jibu limo ndani ya swali lako, ndugu yangu.

John Carpenter aliitengeneza filamu hiyo kwa takriban dola 300,000 tu. Kinyago cha Michael Myers, yule muuaji wa filamu hiyo, kilinunuliwa dukani. Kilikuwa na sura ya William Shatner, yule mwigizaji wa Star Trek, wakakipaka rangi nyeupe na kutanua matundu ya macho. Walipiga picha California wakati wa machipuko, kwa hiyo majani makavu ya Oktoba waliyatengeneza kwa kuyapaka rangi. Waliyamwaga barabarani, na tukio likiisha wakayaokota yatumike tena. Mtu asiye na fedha ya kuonesha mengi hubaki na nafasi tupu na sauti, na Carpenter alivijua vyote viwili.

Kumbuka pale Laurie, msichana anayewindwa, anapochungulia dirishani kwake mchana kweupe. Chini uani nguo zimeanikwa kwenye kamba, na katikati ya nguo amesimama mtu anamtazama. Kufumba na kufumbua, hayupo. Hapo hakuna kisu wala damu. Lakini kuanzia hapo kila kichaka na kila mlango ulio wazi nyuma ya mtu unakuwa na mgeni, na wewe ndiye unayemweka. Carpenter alipiga picha za upana mkubwa makusudi, ili pembeni pabaki nafasi ya kukutia wasiwasi. Wewe umeitazama kwenye kioo cha upana wa kiganja, jua limekipiga, kondakta anadai nauli. Ungemwona wapi?

Na ule muziki wa piano aliutunga mwenyewe. Mapigo yake huenda kwa matano badala ya manne uliyoyazoea, ndiyo maana mwili unashindwa kutulia. Spika ya simu inaunyonga.

Mwaka 1960 Alfred Hitchcock alipotoa Psycho, alitaka kumbi za sinema zisimruhusu mtu yeyote kuingia filamu ikishaanza. Watu walilalamika, lakini alikuwa sahihi. Hofu hupikwa polepole. Ukifunua sufuria kila dakika tano kujibu ujumbe, haiivi. Irudie usiku, kwa mkao mmoja, kisha uniandikie.

Mfululizo wa Halloween ni mrefu. Nifuate mpangilio gani?

Tazama ya 1978, kisha rukia ya 2018, ambayo imezipuuza zote za katikati. Ile ya tatu, ya 1982, ni hadithi nyingine kabisa, usiingie ukimtafuta Michael Myers.

Ringu, ile filamu ya Kijapani: nitafute iliyotiwa sauti ya Kiingereza au yenye manukuu?

Manukuu. Sauti ya mwigizaji ni nusu ya uigizaji wake.

Binti yangu ana miaka saba na anataka tuitazame filamu ya kutisha pamoja. Nilifikiria Coraline kwa kuwa ni vikaragosi.

Mama, hilo neno "kwa kuwa ni vikaragosi" limewakosesha watoto wengi usingizi. Coraline (2009) ni kazi nzuri sana, lakini ina mama wa bandia mwenye vifungo mahali pa macho, anayetaka kumshonea mtoto vifungo hivyohivyo. Mtoto wa miaka saba bado anamtegemea mama kuliko kitu chochote duniani, na filamu hiyo inapiga palepale. Msubirishe. Mwanzishie The Nightmare Before Christmas (1993) ya mwongozaji huyohuyo, Henry Selick, ambayo ina mifupa na maboga lakini pia nyimbo na moyo mweupe.

Hujaniuliza, ila nakuonya: zima ile mipangilio inayoanzisha filamu nyingine yenyewe. Nikiwa na miaka minane nilijibanza nyuma ya kochi nikaona dakika kumi za filamu ya wakubwa. Nililala taa ikiwaka kwa miezi.

The Texas Chain Saw Massacre ni kisa cha kweli?

Hapana. Maneno ya mwanzoni yanakufanya uamini hivyo, nayo yamewekwa kwa kazi hiyo. Kilichochukuliwa ni vipande vya habari za Ed Gein, aliyekamatwa Wisconsin mwaka 1957: kufukua makaburi na kutengeneza vitu kwa ngozi za watu. Hakukuwa na msumeno, wala haikuwa Texas. Tafadhalini, acheni kusambaza "picha halisi za tukio".

Wapi nitapata filamu za kutisha bure?

Kwa halali, zipo. Night of the Living Dead (1968) ya George Romero ilipobadilishwa jina, tangazo la hakimiliki likasahaulika, na kwa sheria ya Marekani ya wakati ule ikawa mali ya umma. Nosferatu (1922) nayo ni huru, ingawa mahakama iliwahi kuamuru nakala zake ziharibiwe baada ya mjane wa Bram Stoker, mwandishi wa riwaya ya Dracula ambayo filamu iliichukua bila ruhusa, kushtaki. Zile tovuti zinazokutaka ubonyeze matangazo sita kwanza, kaa nazo mbali.

Kwa nini watu wa kwenye filamu hizi hawahami tu nyumba?

Kwa sababu waandishi wengi ni wavivu. Ila tazama His House (2020) ya Remi Weekes. Bol na Rial ni mke na mume waliokimbia vita Sudan Kusini, na bahari imewachukulia mtoto njiani. Uingereza wanapewa nyumba mbovu na sharti moja: hapo ndipo mtakapokaa, mkihama mtarudishwa. Usiku kuta zinaanza kunong'ona. Bol anazipasua kwa nyundo, na kila tundu linazidi kuwa jeusi. Waende wapi? Swali lako limejibiwa kabla hujaliuliza, na jibu hilo linatisha kuliko kitu kilichomo ukutani. Tarehe 31 usiku nitaitazama tena.