Muhula wa maabara na Kichina huko Beijing: anzia kwa profesa

Mdogo wangu, nimekuelewa: uko mwaka wa pili wa kemia, Kichina hujui, na unaogopa kumwandikia profesa wa Beijing. Anza na huyo huyo profesa. Soma makala yake moja, kisha mwandikie aya mbili ukitaja ulichokwisha kufanya maabara, hata kama ni kupima asidi na besi tu. Mimi niliwaandikia tisa, wakajibu wawili. Kichina kianze Taasisi ya Confucius pale Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Hata ngazi ya kwanza ya HSK, mtihani wa Kichina, inaonyesha nia. Idara yako ikubali krediti za masomo ya huko kwa maandishi kabla hujaondoka (mimi nilirudia somo zima!). Ukikaa huko zaidi ya siku 180, viza ya mwanafunzi ni X1, si X2 ya muda mfupi, thibitisha ubalozini. Wakala anayekuuzia "nafasi ya uhakika", mkimbie.