Ukiangalia filamu ya Kitamil ya Alai Payuthey, usiruke nyimbo

Mwaka 2013 nilimpeleka mama India kutibiwa moyo. Tulikaa Chennai wiki saba, na baada ya upasuaji tukapanga chumba kwenye nyumba ya wageni jirani na hospitali, ambako karibu kila mpangaji alikuwa mgonjwa au anauguza. Kila alfajiri binti wa mwenye nyumba alifagia mbele ya mlango, akanyunyiza maji, kisha akainama na kuchora kolam, yale mapambo ya nukta na mistari wanayochora Watamil mlangoni kwa unga wa mchele. Unga ulimtoka kati ya kidole gumba na cha shahada, mwembamba kama uzi, na mkono haukutetemeka hata mara moja. Simu yake aliiweka kwenye ngazi, inaimba.

Siku ya tatu nikasikia wimbo ninaoujua. Mahadhi yaleyale, sauti ileile ya mwimbaji Sadhana Sargam, ila maneno siyo.

Nikamwambia, "Huu si wimbo wa ile filamu ya Kihindi, Saathiya?"

Akatikisa kichwa. "Hapana, akka. Huu ni wetu, wa Alai Payuthey. Wenzetu wa sinema za Kihindi walikuja kuuchukua baadaye." Akka ni dada mkubwa kwa Kitamil, na tangu siku ile hakuniita jina jingine.

Sisi watu wa pwani tumelelewa na sinema za Kihindi. Mama zetu walikwenda kuziona kwenye majumba ya sinema, na taarabu ikachukua mahadhi mengi ya huko ikayatia maneno ya Kiswahili. Kwa hiyo tukisikia filamu ya India tunadhani ni Kihindi tu. Watamil wana lugha yao, washairi wao na sinema yao yenye makao Chennai, na wanaumia wakiona kazi yao inajulikana kwa jina la nakala. Ushauri wangu wa kwanza unatoka hapo: kama unaipenda Saathiya ya mwaka 2002, ya Rani Mukerji na Vivek Oberoi, tafuta Alai Payuthey iliyotoka mwaka 2000. Aliiongoza Mani Ratnam, wachezaji wakuu ni Madhavan na Shalini, muziki ni wa A. R. Rahman na mashairi mengi ni ya Vairamuthu. Shaad Ali aliyeongoza Saathiya alikuwa msaidizi wa Mani Ratnam, na nyimbo nyingi za Rahman zikahamia Kihindi kwa mashairi ya Gulzar. Gulzar ni mshairi mkubwa, simpunguzii kitu. Lakini mahadhi yale yalifungwa kwanza kwenye maneno ya Kitamil, na sikio linalijua hilo hata kama hujui lugha.

Nilinunua diski jioni ileile. Na hapo nikafanya kosa ambalo nataka wewe ulikwepe. Mama alikuwa amelala, mimi nimechoka, kila wimbo ulipoanza nikabonyeza rimoti kwenda mbele. Nikafika mwisho nikiwa na kisa cha kawaida tu: kijana wa kompyuta, Karthik, anampenda Shakti anayesomea udaktari, wazazi hawapatani, wanafunga ndoa kwa siri hekaluni na kila mmoja anarudi kwao, siri inafichuka, wanafukuzwa, wanahamia nyumba ambayo hata ujenzi wake haujaisha. Halafu wanaanza kugombana. Asubuhi binti akaniuliza wimbo upi umenigusa, sikuwa na jibu. Akaniangalia kwa huruma kabisa. Jioni akaja chumbani na kikombe cha kahawa, akakaa sakafuni karibu na kitanda cha mama, tukaanza upya, yeye ananitafsiria kwa Kiingereza.

Filamu ikawa nyingine.

Jina lenyewe ni la wimbo. Alaipayuthey ni utenzi wa karne ya 18 wa Oothukkadu Venkata Kavi, unaimbwa katika raga (mpangilio wa sauti wa muziki wa India) iitwayo Kanada, na ni maneno ya mtu anayemwambia Krishna, mungu wa Wahindu mpiga filimbi, kwamba moyo wake unachafuka kama mawimbi kila akisikia filimbi yake. Mswahili wa pwani hahitaji kufafanuliwa moyo unaochafuka kama bahari. Uchukue wimbo huo, uuweke kando. Baadaye, kabla ya ile ndoa ya siri, Shakti anakwenda Kerala kwenye kambi ya matibabu, amejitenga na Karthik, na hapo unaingia Evano Oruvan, sauti ya Swarnalatha. Kuna mtu anapiga ala, na mwanamke yuko gizani anaomba. Anaiambia filimbi kwamba wao wawili ni kabila moja, na hamu iliyolala ndani yao wamegawana nusu kwa nusu. Filimbi iliyomfurahisha mja wa Krishna sasa inamliza huyu. Na kuna mstari anaosema anaupenda ule muziki kwa awamu, kwa neno lilelile wanalotumia Watamil kulipa deni kidogo kidogo. Binti alipofika hapo alisimamisha picha ili nielewe. Mimi niliyekuwa nalipa bili ya hospitali kwa awamu nililia, na sikuona haya.

Ukiuruka wimbo huo, hujui Shakti amebeba nini anaporudi kwa Karthik, na hasira zake za baadaye utaziona ni kiburi.

Wimbo niliousikia ngazini ni Snehithane. Unakuja wakiwa mke na mume. Mwanamke anamwita mumewe rafiki wa siri, anamwomba amtegee sikio kwa sababu ana maombi madogo madogo, kisha anasema mkumbatio huuhuu anautaka mpaka ukingo wa maisha. Sikiliza Sadhana Sargam anavyoyaimba maombi hayo: hapandishi sauti, anayasogeza karibu, kama mtu anayesema huku kichwa kiko begani. Maombi madogo. Nyumba nyingi, yangu ikiwemo, zimekauka kwa sababu maombi madogo yaliachwa yakabaki ya ada ya shule, kodi na gesi. Nilikuwa na miaka tisa ya ndoa. Simu zangu na baba watoto kutoka Chennai zilikuwa hesabu tupu: hospitali inadai kiasi gani, umetuma, hujatuma. Usiku ule nilimwomba jambo moja, kwamba kila akishafunga mlango anipigie aniambie amekula nini. Akakaa kimya kidogo, akasema, "Leo nimekula ugali na dagaa, na dagaa nimeziunguza." Amekuwa akiniambia mpaka leo, hata tukiwa chumba kimoja.

Kwa hiyo iangalie na mwenzako kama unaye. Wanandoa wapya nawaambia hasa, kwa sababu filamu hii haiishii kwenye harusi kama zilivyo nyingi; ugomvi wa nani afanye kazi gani nyumbani umo, msiba wa mzazi ambaye walichelewa kumwona umo, na wivu umo. Mwisho wake sikuambii.

Namna ninayopendekeza: sikiliza kwanza bila picha, usiku, kwa spika za masikioni. Anza na Pachchai Nirame aliouimba Hariharan, ambao unasifu mapenzi kwa rangi moja baada ya nyingine, kuanzia kijani. Huo hauhitaji tafsiri kukuingia. Kisha Snehithane, na huo usiuache mpaka umesoma tafsiri ya maneno yake. Evano Oruvan uuweke mwisho. Ndipo ufungue filamu, katika Kitamil, na maandishi ya tafsiri chini. Ukikuta yenye sauti za lugha nyingine zilizobandikwa juu iache, midomo na maneno havikutani na utachoka kabla ya nusu saa.

Na kabla hujakaa chini, pitisha haraka uone nyimbo zote zimo. Mtaani kuna nakala zilizokatwa ili zitoshe kwenye diski, na wanachokata kwanza ni nyimbo. Kama Shakti anafika Kerala na Evano Oruvan haupo, rudisha diski, tafuta nyingine.