Bakteria wa Tumboni na Baridi Yabisi

SWALI: Daktari, shikamoo. Mama yangu ana baridi yabisi. Akiamka vidole vimekakamaa, na chupa ya chai hawezi kuifungua mpaka saa nne asubuhi. Hospitali wamempa methotreksati ameze mara moja kwa wiki. Jirani yetu anasema ugonjwa huu unaletwa na bakteria wa tumboni, hivyo aache vidonge, anywe togwa. Je, kuna ukweli? – Msomaji, Njombe.

JIBU: Marahaba. Jirani ameshika ncha ya jambo la kweli, ila amelivuta kupita kiasi.

Mwilini mwa mtu, hasa katika utumbo mpana, huishi bakteria wanaokadiriwa kufikia trilioni 38, na ukuta unaowatenga na damu una unene wa chembe hai (seli) moja tu. Ndiyo maana askari wengi wa kinga wamepiga kambi hapo, wakijifunza tangu utotoni nani wa kupigwa na nani wa kuachwa. Bakteria hao wanapochachusha nyuzinyuzi za maharage na mboga, ambazo sisi wenyewe hatuwezi kuzimeng'enya, hutoa asidi, butirati ikiwa mojawapo, zinazochochea kuongezeka kwa chembe zenye kazi ya kuwatuliza askari wenzao.

Katika baridi yabisi utulivu huo umevunjika, na kinga inashambulia utando wa ndani wa viungo. Mwaka 2013 watafiti wa New York walieleza kwamba bakteria aitwaye Prevotella copri alikutwa zaidi kwa wagonjwa wapya ambao hawajaanza tiba kuliko kwa watu wenye afya. Hata hivyo, kukutwa mahali pa tukio si kulifanya. Bakteria wa jamii ya Prevotella ni wengi pia kwa Wahadza wa bonde la Eyasi, na kwa jumla kwa watu wanaokula nafaka na mboga kwa wingi; wangekuwa wao peke yao ndio chanzo, sisi wala ugali na maharage tungekuwa tunachechemea sote. Urithi na uvutaji wa sigara navyo vina mchango.

Togwa mama anywe, maana uji ule uliokorogewa kimea cha ulezi ukaachwa hadi vipovu vipande juu ni chakula kizuri, mradi maji yawe safi na isikae mpaka ianze kulevya, kwa kuwa kileo pamoja na methotreksati huumiza ini. Kwa sababu hiyo hiyo ulanzi auache. Lakini togwa haizuii viungo kulika, na kazi hiyo ndiyo inayofanywa na vidonge. Mtindi wa maziwa yasiyochemshwa auepuke, kwani kinga yake sasa imepunguzwa makali na methotreksati, na bruselosisi, ugonjwa wa bakteria unaotoka kwa ng'ombe, nao huumiza viungo.

Jambo moja hukuliuliza: methotreksati ikimezwa kila siku badala ya kila wiki inaweza kuua. Achague siku, tuseme Jumapili, na wewe uitie alama kwenye kalenda ya ukutani kila anapomeza.