Kompresa kwenye prosesa: maji yanatoka wapi?

Kaka, umeuliza kwa nini mazabodi (bodi kuu ya kompyuta) inalowa tangu ufunge kompresa ya gesi kupoza prosesa, wakati hakuna bomba linalovuja. Hayo ni maji ya hewani. Kichwa cha kompresa, kile kipande cha baridi kinachokaa juu ya prosesa, kikiwa nyuzi 30 chini ya sifuri kinaota barafu, ukizima inayeyuka. Kiangazi cha Dodoma ni kikavu, ndiyo maana Agosti hukuona kitu. Mvua za Desemba zimekuumbua.

Fungua kichwa, kausha bodi kabisa. Paka grisi ya silikoni isiyopitisha umeme ndani ya soketi (pale prosesa inapokaa) na kuizunguka, kisha bandika sponji nyeusi ya mabomba ya kiyoyozi, milimita 10, mbele na nyuma ya bodi. Usiache upenyo hata wa unywele, maana barafu itaota humo humo usiione. Sponji ya godoro hapana, inanyonya maji.

Washa kompresa kwanza. Kichwa kikifika nyuzi 20 chini ya sifuri ndipo uwashe kompyuta. Umeme ukikatika, zima kompyuta, na kompresa uiache imezimwa dakika 5 kabla ya kuiwasha tena: presha ya gesi isiposawazika, mota inagoma na inaweza kuungua. Stabilaiza ya friji yenye kuchelewesha umeme inakufanyia kazi hiyo. Gesi mwachie fundi friji mwenye pampu ya vakyumu. Kama ni R290 (gesi ya propani), inalipuka. Asichomelee bomba lenye gesi ndani.