Someni Faili Kabla ya Kushika Mapigo

Wadogo zangu mlioanza mafunzo kwa vitendo katika kliniki ya kisukari na presha, juzi nilimwona mmoja wenu amemshika mgonjwa kifundo cha mkono, anapiga hesabu ya 220 kutoa umri ili apate kikomo cha mapigo ya moyo kwa dakika cha kumpangia mazoezi, ilhali faili limefungwa mezani. Nilitaka kufoka, lakini nikajiona mimi mwenyewe nikiwa na koti ambalo mikunjo ya dukani ilikuwa haijaisha.

1. Anzeni na dawa. Katika mwaka wangu wa kwanza nilikabidhiwa mama wa miaka 58. Hesabu ilinipa mapigo 162, na asilimia 70 yake ni 113, nami nikaazimia kumfikisha hapo. Mapigo yakagoma kuvuka 90. Niliongeza kasi ya mashine ya kutembelea, kisha mwinuko, na bado yakagoma, kwa kuwa mama alikuwa anatumia atenolol, dawa ya presha, ambayo huyazuia mapigo kupanda hata mtu anapojitahidi kweli. Isitoshe, alikuwa hajala tangu jana yake kwa sababu ya kipimo cha sukari ya mfungo, lakini glibenclamide yake, dawa ya kisukari, alikuwa ameimeza kama kawaida, na kidonge hicho huisukuma kongosho itoe insulini hata kama tumbo ni tupu, huku misuli inayofanya kazi ikijichotea sukari yake yenyewe bila kuingoja hiyo insulini. Jasho lilipomtiririka, nilimpongeza. Aliposema, "Mwanangu, naona giza," nilimjibu kwamba zimebaki dakika tatu tu. Hazikuisha hizo tatu kabla magoti hayajamlegea. Glukomita, yaani kipima sukari ya damu, ilisoma 2.6 mmol/L: sukari ilikuwa imeshuka mno. Atenolol ilikuwa imeficha mtetemeko na moyo kwenda mbio, dalili ambazo zingenishtua. Jasho ndilo isilolificha, na ndilo nililokuwa nikilishangilia. Muuguzi alimnywesha maji ya glukosi huku mimi nimesimama na taulo mkononi, nisijue pa kulipeleka. Mama alipopata nguvu aliniuliza kama nitafukuzwa kazi, na huruma ile iliniuma kuliko karipio nililopewa baadaye.

2. Kwa wagonjwa wanaotumia dawa kama atenolol tumieni kipimo cha Borg, ambacho mgonjwa mwenyewe hutaja kwa namba jinsi anavyojitahidi, au mazungumzo ya kawaida: aweze kuongea, asiweze kuimba.

3. Anayetumia insulini au vidonge kama glibenclamide, sukari yake ikiwa chini ya 5 mmol/L, ale kwanza. Mama yule hadi leo hunionyesha kiazi chake cha kuchemsha kabla hajapanda mashine, akihakikisha wagonjwa wote wanaona.

4. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 2020, linataka dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani kwa wiki, pamoja na mazoezi ya nguvu angalau siku mbili. Anayenyanyua uzito asibane pumzi, kwa maana presha huruka papo hapo. Siku mbili mfululizo bila zoezi zisizidi, kwa sababu wepesi wa mwili kuitikia insulini hupotea upesi.

5. Vueni viatu vyao mkague nyayo, kwa maana kisukari huweza kuua hisia za miguu. Mzee mmoja alitembea nusu saa na kizibo cha soda ndani ya kiatu, akaniambia kwamba siku hiyo miguu haikumsumbua hata kidogo.

Kesho kliniki inaanza saa mbili, na mafaili yatakuwa mezani tangu saa moja.